Daktari Yuko kwa Trizah

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtu mwenye akili zake hapiti karibu na soko la Wakulima pale Nakuru. Mkokoteni utakukanyaga, mathe muuza vitunguu atakupiga kumbo na pole hasemi, na spika za duka la simu zitakutoboa masikio. Kipkemei hakupita hapo kwa hiari. Mvua ndiyo iliyomfukuza barabarani ikamwingiza chini ya turubai la kibanda cha vitabu cha Wachuka, amelowa chapachapa, boksi la vipuri vya pampu amelikumbatia kifuani.

"Boss, hayo maji usinimwagie kwa vitabu," Wachuka akamwambia hata kabla ya salamu.

"Pole, madam. Sasa nisimame wapi?"

"Simama huko kwa hadithi. Hizo zimezoea machozi."

Jamaa akacheka kicheko cha mtu mkubwa asiyejua ukubwa wake, rafu zikatikisika. Wachuka akamtazama vizuri. Ovaroli ya buluu, gambuti, mabega ya mtu aliyekua akibeba magunia ya viazi huko Olenguruone. Naye Kipkemei akaona msichana wa sweta ya manjano, nywele za matuta zimefungwa juu, kalamu imechomekwa humo humo, na macho yasiyotulia mahali pamoja.

Kibanda kilikuwa na pande mbili, kushoto hadithi na kulia vitabu vya mambo ya kweli. Kipkemei akahamia kulia bila kuulizwa.

"Kwani hadithi zimekukosea nini?"

"Nikitaka kudanganywa nitaenda kusikiliza wanasiasa."

"Si uongo hizo. Ni za kubuni."

"Kuna tofauti?"

"Soma moja, utaniambia mwenyewe."

Aliondoka na kitabu cha magonjwa ya viazi. Wiki iliyofuata akarudi kuchukua cha maji ya chini ya ardhi, kisha cha nyuki, kisha cha historia ya reli. Na kumbuka kazi yake ilikuwa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, kurekebisha pampu za shamba la maua. Vitabu huko Naivasha vipo. Mtu hafungi safari kila wikendi mpaka Nakuru kwa sababu ya nyuki, jamani.

Kuhusu Wachuka nikuambie ukweli, maana mwenyewe hangekuambia. Roho yake haikuwa inatulia. Asubuhi alianza kitabu cha upelelezi, kabla ya chai ya saa nne akakiacha maiti haijazikwa, akarukia mashairi, mchana yuko na maisha ya rubani fulani, jioni yuko kwa mapishi ya Kihindi, na chapati yake yenyewe haijawahi kutoka mviringo. Vingi alivianza, vichache alivimaliza. Tena si vitabu tu. Mwaka juzi alimwacha mwalimu mmoja wa Njoro wazee wakiwa wameshaanza kutembeleana, na mama yake alipotaka sababu, alijibu tu kwamba amechoka kukaa. Tangu hapo aliogopa moyoni kwamba labda yeye ni mtu wa kuanza tu.

Ndiyo maana Kipkemei alipomletea kitabu chake mwenyewe cha volkano, alisita kidogo kukipokea.

"Hiki si cha kuuza," Kipkemei alisema. "Kinaeleza mpaka hii Menengai yenu mnayopanda Jumapili mkipiga picha. Kisome chote."

"Chote chote?"

"Mpaka mwisho, mrembo. Usiruke."

"Sawa. Na wewe beba hiki." Akamsukumia riwaya ya mjane anayepigania kituo cha petroli na mashemeji zake. "Sitaki kuskia eti huna wakati."

Siku chache baadaye, watu wakiwa kwa lanchi, simu ya Wachuka ikalia.

"Wachuka! Kwa nini amekufa?"

"Nani amekufa? Kipkemei, uko sawa?"

"Yule mama wa petroli! Mbona hukuniambia anakufa?"

"Ningekuambia ungesoma?"

"Nimelia mbele ya Kimutai wa kazini. Kimutai ameita watu waje kuona."

"Pole, mpenzi. Ni ya kubuni tu."

Neno lilikuwa limeshatoka na kulirudisha haikuwezekana.

"Umeniita nani?"

"Nimesema pole. Netwaki yenu ni mbaya."

"Netwaki iko sawa kabisa. Umeniita nani, Wachu?"

Wachuka alikata simu akacheka peke yake mpaka mathe wa vitunguu akamuuliza kama ni ugonjwa.

Hivyo ndivyo walivyopendana, na walipendana vizuri. Jumamosi walikaa Nyayo Gardens wakila mahindi choma na kubishana. Kipkemei akageuka mlevi wa upelelezi, akawa anashuku kila mzee mwenye koti. Wachuka naye akagundua kuwa bonde lote alimozaliwa linapasuka polepole chini ya miguu yake. Alishangaa kwamba jambo la kweli linaweza kumsisimua kushinda la kubuni. Kwa mara ya kwanza alimngoja mtu bila kuchoka.

Halafu ikaja simu ya Jumatatu.

"Wachu, kuna kazi imetokea. Shamba letu lina tawi Ethiopia, wananitaka huko miaka miwili. Natakiwa nijibu Ijumaa."

Wachuka alitaka kusema, usiende. Mdomo ukasema, "Ethiopia? Si utanenepa na hiyo mikate yao ya injera."

"Ni hayo tu unasema?"

"Na hongera."

"Asante." Sauti ya Kipkemei ikashuka. "Nitakuja Jumatano. Kuna swali nataka kukuuliza, na si la simu."

Swali alilijua. Msichana yeyote angelijua. Akawa kama kuku anayetafuta pa kutagia, anapanga rafu na kuzipangua, anatoka nje, anarudi, anakaa, anainuka. Kitabu cha volkano akakiacha katikati akakimbilia riwaya.

Hapo sasa lazima umjue Trizah. Trizah alikuwa na saluni Milimani, na yeye, Wachuka na akina mama kadhaa walikuwa na chama chao cha kupokezana vitabu. Hadithi hawakuziita kwa majina yake ya jaladani. Waliziita kwa mtu aliye ndani. Utasikia, "Mwizi amerudi?" au "Nipe mjane, mwanajeshi amenichosha." Mbele ya Kipkemei, Wachuka aliona haya kusema hivyo, akajifanya mtu wa majina kamili. Na riwaya aliyokimbilia wiki hiyo ilikuwa ya daktari mmoja mzee, mtu wa maneno matamu.

Jumatano mchana Wachuka alikuwa amepanda kistuli, mgongo barabarani, simu imebanwa begani.

"Trizah, usinisumbue. Daktari bado ni wangu... Eh, jana nimelala naye mpaka macho yakauma, na sijuti... Mzee kidogo, lakini ana maneno huyo! Namalizana naye leo halafu nikuletee... Kipkemei? Hajui kitu. Nimwambie nini, na nilimwahidi? Wacha, bwana. Kipkemei ni mtu wa pampu na viazi. Mambo kama haya hawezi kuelewa."

Aliposhuka akakuta kwenye benchi mfuko wa minji mbichi, zile tamu za Olenguruone. Mwenye mfuko hakuwepo.

Akampigia. Haikushikwa. Akampigia tena na tena. Jioni ukaingia ujumbe mmoja: "Niko busy." Alhamisi hakuna neno. Ijumaa, siku ya kujibu, Wachuka hakuweza kusoma hata gazeti lililofunga maandazi. Aliuza kitabu cha sheria kwa mtu aliyetaka cha uchawi. Alijiuliza amekosa nini, akakasirika, akalia, akakasirikia kulia kwenyewe.

Jumamosi hakufungua kibanda. Alivaa gauni la kijani linalomkaa vizuri kiunoni, akapaka midomo rangi, akaifuta, akapaka tena, akashuka Naivasha.

Kamere mchana ule ilinuka samaki wa kukaanga na matope ya ziwa. Wafanyakazi wa maua walikuwa wametoka kazini, ovaroli zimefungwa kiunoni. Langoni alimkuta kijana mmoja mcheshi.

"Wewe ndiye Wachuka wa vitabu? Mimi ni Kimutai. Kipke yuko hapo chini kwa mama samaki. Ukimwona umwambie ofisi yake nimeipenda, nimeshapewa."

Wachuka hakungoja maelezo. Kipkemei alikuwa ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, shati jeupe, sahani ya samaki haijaguswa.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuuliza kwa nini hushiki simu yangu. Na salamu pia siku hizi hakuna?"

"Daktari wako anajua uko hapa?"

"Daktari gani?"

"Wachuka, tafadhali. Nilikusikia Jumatano."

"Oh, daktari!" Alikuwa na mambo mazito zaidi kichwani, akajibu bila kufikiri. "Daktari yuko kwa Trizah."

Kipkemei akafungua mdomo. "Yuko kwa Trizah?"

"Tangu Alhamisi. Mimi nilimalizana naye."

"Na Trizah anajua kwamba wewe na yeye..."

"Si ni mimi nilimpeleka! Akitoka hapo anaenda kwa mke wa pasta."

"Mke wa pasta!"

Mama samaki akaacha kugeuza samaki. Alisogea karibu, mwiko mkononi, aibu hana.

"Amengoja sana, maskini," Wachuka akaendelea. "Akina mama wote wanamtaka. Shida ni mgongo, umeachana kabisa, karibu atoke vipande. Nimempaka gundi."

"Gundi."

"Gundi ya mbao. Ile nyeupe."

Kipkemei alimtazama. Akatazama maji. Akamtazama tena, na aibu ikaanza kumpanda kuanzia masikioni.

"Ni kitabu," akasema polepole.

"Sasa ulidhani ni..." Yote aliyoyasema Jumatano yalimrudia Wachuka, neno kwa neno, na akaelewa. Kwanza alicheka. Halafu hasira zikampanda. "Kipkemei! Uliniona mimi wa kulala na mzee wa watu huku nakula mahindi na wewe? Na hukuuliza?"

"Nilisikia na masikio yangu!"

"Masikio yako yana mdomo karibu. Ungeuliza!"

"Nimuulize nani, na wewe uliniambia hongera?" Alisimama. "Haya, ya daktari yameisha, mimi ni mjinga, cheka. Lakini ulisema mimi ni mtu wa pampu na viazi, siwezi kuelewa. Hiyo haikuwa kwa kitabu, Wachuka. Hiyo ulisema wewe."

Hapo Wachuka hakuwa na pa kukimbilia. Miguu ilitaka kuondoka, aliisikia ikitaka, kama ilivyotaka kwa yule mwalimu wa Njoro. Akaikataza.

"Nilisema," alikubali. "Niliona haya. Niliacha volkano yako katikati, baada ya kukuahidi, nikakutukana ili nisijione mbaya. Nisamehe. Wewe ulilia kwa sababu ya mama wa petroli, na mimi mwenye kibanda cha vitabu sikulia. Anayeelewa ni wewe." Machozi yalimshinda, akaacha yashuke. "Na ile Jumatatu nilitaka kusema usiende. Usiende, Kipkemei. Nakupenda. Naogopa kwamba mimi ni mtu wa kuanza tu, na bado nakwambia usiende."

"Nimeshawajibu. Nilisema ndiyo."

"Najua. Kimutai ameniambia ofisi ni yake."

"Jumatano nilikuja kukuuliza kama utaolewa na mimi." Alisema kama mtu anayeteta. "Ungesema ndiyo, nisingeenda mahali."

"Basi niulize sasa."

"Sasa ni tofauti. Nikikataa Ethiopia, Kamere pia sina. Nitakuwa mtu wa kukaa tu."

"Niulize, Kipkemei."

"Utaolewa na mimi?"

"Ndiyo."

Mama samaki akapiga kigelegele ambacho hakuna aliyemwomba. Kipkemei hakucheka. Alitoa simu, akampigia meneja, akaongea kwa heshima, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema asante, akaweka simu mfukoni.

"Wamefuta jina," akasema. Jasho lilikuwa limemtoka. "Nafasi ya hapa hairudi."

Wachuka aliogopa vilivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kitu kwa ajili yake, na sasa huyu ameacha vyote akiwa amesimama kwenye matope. Akamshika mkono.

"Anayebaki ni mama," Kipkemei akasema. "Ameshatangaza Ethiopia kanisa zima."

Akapiga simu Olenguruone, akaiweka kwa sauti. Mama yake alianza kwa Kikalenjin, haraka haraka, mwanawe akamjibu kwa Kiswahili ili Wachuka asikie kila kitu: siendi, kazi sina, kuna msichana. Upande wa pili kuku alisikika akilia na mtu akamfukuza.

"Huyo msichana," mama akauliza mwishowe kwa Kiswahili, "anajua kwamba huna kazi?"

Wachuka akainama karibu na simu. "Najua, mama. Ni mimi nimemwambia asiende."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na hivyo hana kitu, bado unamtaka?"

"Bado namtaka."

"Miaka miwili ni mingi," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Mimi nilimpongeza tu kwa sababu niliona aibu kumwambia abaki. Asante, mama. Njooni kesho."