Shavu kwenye Rangi ya Chungwa

Alama ilikuwa ya shavu. Msasa alikigeuza kile kitako cha bunduki kwenye mwanga wa dirisha, akaiona wazi. Mtu alikuwa ameegemeza uso wake rangi ikiwa mbichi, kama anayelenga shabaha. Hata ndevu zilikuwa zimeacha mikwaruzo yake.

"Mpumbavu gani huyu?" akasema. Wateja walimwita Msasa kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na asubuhi hiyo ulimi ulikuwa umenolewa. Lakini wa kumtukana hakuwepo. Chumba cha rangi kilikuwa na mlango mmoja, na ufunguo alilala nao shingoni.

Kitako kilikuwa kipya, cha plastiki. Alikileta mwindaji wa nguruwe mwitu pamoja na bunduki yake kuukuu ya marisau. Alitaka kitako cha mti king'olewe, na hiki kipakwe rangi ya chungwa ionekane hata kichakani. Hapo hapakuwa na ajabu. Wawindaji husahau bunduki porini kama wengine tunavyosahau miavuli. Ajabu ilikuwa ombi lake la pili.

"Cha mti kichomeni," aliwaambia. "Leo leo. Wala msikikodolee macho."

Kaka yake Msasa, fundi wa bunduki, alikichoma uani. Mti ulikuwa mkavu kama mfupa, ila ulitoa povu na kulia kama mtoto aliyezibwa mdomo, na moshi ulinuka nywele zinazoungua. Kaka alikohoa mchana kutwa. Msasa akamcheka: "Dume zima linashindwa na kuni!"

Sasa akakikwangua kitako, akapuliza rangi upya, akafunga mlango, akaenda kunywa chai. Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa vile vile. Shavu lilikuwa pale pale, na safari hii, chini ya shavu, palikuwa na meno.

Ile harufu ya nywele ilikuwa imejaa chumbani. Nyuma ya turubai la kuzuia vumbi mtu alikuwa akipumua.

"Kaka?" akanong'ona. "Kaka, ni wewe? Acha mzaha, moyo utanipasuka."

Turubai likasogea. Kaka yake alisimama pale, ameshika ile bunduki isiyo na kitako, na shavu lake la kulia limetapakaa rangi ya chungwa toka jichoni mpaka kidevuni.

"Mmenichomea nyumba, moshi ukanileta humu," kaka akasema, na sauti haikuwa yake. "Hii mpya haina mlango. Nimegonga usiku kucha, nimegonga."

Mara mwindaji akapiga hodi nje, mchangamfu kama bwana harusi, na kabla Msasa hajapata pumzi ya kumzuia, kaka alikwisha kumpita, akatoka karakanani, akainua bunduki kwa mkono mmoja na kufyatua, na marisau yakalinyofoa sikio la mwindaji na kulitawanya ukutani, na mwindaji alipoanguka kaka akamkalia kifuani na kumponda kwa mtutu, mdomoni, puani, tena mdomoni, bila hasira, kama mtu anayetwanga mahindi, na Msasa akanyakua spana kubwa akampiga kifundo cha mkono mpaka akausikia mfupa ukivunjika, lakini kaka hata hakugeuka. Alinyoosha tu mkono mzima, akavishika vidole vitatu vya Msasa, akavikunja kinyume, vikakatika kama njiti za kiberiti.

Bunduki ikaanguka kati yao.

"Jini huyu hatoki bure!" mwindaji alikoroma kwa kinywa kilichojaa damu. "Anataka jina la wa kumhamia! Baba yangu alinitaja mimi akiwa anakata roho, nikamrithi pamoja na kitako. Nilidhani moto utammaliza... Mchukue huyu! Mchukue Msasa!"

Kaka akacheka. "Msasa ni karatasi. Nataka jina alilopewa na mama yake."

Mwindaji hakulijua. Lakini lake lilikuwepo. Kaka alikuwa na desturi ya kufunga kitambaa chenye jina la mteja kwenye kila bunduki. Msasa akakivuta kwa mkono mzima, akakisoma kwa sauti, jina lote, mpaka la babu. Mwindaji alitikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yakichanganyika na damu.

Kaka akalegea, akaanguka ubavu.

Mwindaji akaacha kutikisa kichwa. Akainuka bila kushika chochote, damu ya sikioni imekoma, akaiokota bunduki, akatoa risasi mfukoni na kuipachika polepole.

"Na wewe," akauliza kwa upole, "mama yako alikuita nani?"

Msasa akaung'ata mdomo. Hata pumzi aliibana. Kwenye sakafu, kaka yake akafumbua macho, akauona mkono wake unaning'inia, na maumivu yakamrudisha utotoni, siku walipokuwa wawili tu uwanjani na akianguka hakuwa na mwingine wa kumwita. Msasa akajirusha kumziba mdomo. Kiganja kilifika jina likiwa limeshatoka.

Mwindaji akadondoka kama gunia, na bunduki ikadondoka naye.

"Mkono wangu," kaka alilia chini ya kiganja cha dada yake. "Mdogo wangu, nimefanya nini?"

Msasa alikuwa akivitazama vidole vyake vilivyovunjika. Vilinyooka, kimoja baada ya kingine, bila maumivu, kisha vikaanza kupapasa sakafuni, vikiitafuta bunduki.