Mbili za Mwisho ni Zangu

Kila asubuhi Mwantum alikaanga sambusa mbele ya nyumba yake, mtaani Cibitoke. Soumaya, binti wa kaka yake, alimsaidia. Wakati wa kumlipa muuza unga kwa simu, mikono ya Mwantum ilikuwa imejaa unga wa ngano.

"Kwenye namba ya siri bonyeza moja na tisa," alimwambia Soumaya, akijifuta kidole kimoja. "Mbili za mwisho ni zangu."

Siku moja Mwantum alipoteza simu mjini, Rohero. Alipopata laini mpya, akiba yake yote ilikuwa imekwisha kutolewa.

"Mutu mumoja tu alijua mwanzo wa namba yangu ya siri," alisema, akimkazia macho Soumaya.

"Apana, shangazi! Wallahi, si mi!"

Soumaya alienda kwao akilia. Hakurudi.

Jirani yao Fabiola, mwalimu wa hesabu, alikuja kununua sambusa. Akauliza binti yuko wapi. Mwantum akamweleza yote.

"Mama Mwantum, kwenye namba ya siri, nafasi ya kwanza ina tarakimu ngapi za kuchagua?"

"Kumi. Sifuri mpaka tisa."

"Ya pili pia kumi. Kila moja ya kwanza inaweza kufuatwa na yoyote kati ya kumi. Kumi mara kumi, mia. Nafasi ya tatu, elfu. Ya nne, elfu kumi. Mwizi anayebahatisha mara moja ana bahati moja kati ya elfu kumi. Lakini akijua mbili za mwanzo, zinabaki mia tu."

"Si ndiyo! Soumaya alizijua."

"Na hizo nne ni nini?"

"Mwaka wangu wa kuzaliwa."

"Karangamuntu yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye kava ya simu."

"Mwaka wako umeandikwa kwenye kitambulisho hicho," Fabiola alisema taratibu. "Aliyeokota simu hakuhitaji kubahatisha."

Mwantum aliepua karai, akajitanda mtandio, akaenda kwa kaka yake.

"Mwanangu, nilikushuku bila ushahidi. Nisamehe."

Soumaya alimtazama usoni. "Iliniuma sana, shangazi."

"Najua. Pesa imeenda. We, nakuomba urudi."

Alirudi. Siku hizi kitambulisho cha Mwantum kinakaa nyumbani. Namba mpya haitokani na mwaka wa kuzaliwa wala namba ya simu ya mtu yeyote. Muuza unga akija, Mwantum ananawa mikono kwanza, anabonyeza mwenyewe zote nne. Soumaya, bila kuambiwa, anageuka na kutazama barabara.