Makofi ya Ukumbi wa Chini

Kila Jumapili ibada ikiisha, watoto wenzake walikimbilia nje kuteleza kwenye barafu, lakini Luwam alibaki ukumbi wa chini wa kanisa akiwageuzia watu wazima Kiswidi kuwa Kitigrinya. Siku nyingine ilikuwa hospitali, nyingine benki. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mji wao wa Borås, Uswidi, una wakubwa wengi wanaokaa kwenye ofisi zenye joto, lakini hakuna aliyeona haja ya kuwatafutia Waeritrea mkalimani. Mtoto si yupo? Basi.

Ukumbi huo waliupata kwa jasho la Sista Gunvor, mmisionari mzee wa kanisa. Kabla yao aliwapokea Wachile, kisha Waashuri. Aliwasindikiza wageni kliniki, akawafundisha kusoma, akawazikia wafu wao. Kitigrinya chake kilikuwa cha salamu tu, na alizivuruga mpaka kina mama wakashika mbavu kwa kicheko.

Abrehet, mama yake Luwam, alikaanga kahawa pale pale, kisha akakipitisha kikaango ili kila mtu avute moshi wake. Kahawa isiyonuswa hivyo, kwao haijaandaliwa. Jumapili moja moshi ukazidi, kengele ya moto ikalia, gari la zimamoto likaja mbio.

Jumapili iliyofuata Sista Gunvor alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu. Bwana Hallgren, mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa, akaichagua siku hiyo hiyo kushuka ukumbini, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

"Wewe ndiye unayejua Kiswidi?" alimwuliza Luwam. "Waambie moshi wao umetuchosha. Kina mama hawa ni wachafu, na hawafundishiki. Mwisho wa mwezi ukumbi unafungwa. Anayepinga aseme sasa, tutamsikiliza."

Luwam alimtazama mama yake. Abrehet alikuwa amemtengea mgeni kikombe, amekishika kwa mikono miwili, anatabasamu. Luwam hakuweza kulitamka neno "wachafu" mbele yake.

"Anasemaje mkubwa wetu?" aliuliza Mzee Habtai kwa Kitigrinya. "Mbona uso kama kaumwa na nyuki?"

"Ana... anawasalimu," Luwam alijibu. "Anashukuru kwa kahawa."

"Loo, kumbe ana adabu!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bwana Hallgren alishangaa kidogo. "Vizuri. Wamekubali wote," alisema, akapanda ngazi. Kikombe hakukigusa.

Luwam alijipa moyo kwamba Sista akirudi atayamaliza. Akanyamaza, na siku zikapita.

Sista Gunvor aliporuhusiwa kutoka hospitali, mwezi ulikuwa umekwisha. Jumapili hiyo walikuta kufuli jipya mlangoni. Theluji iliwaangukia, masufuria mikononi. Sista akampigia simu mwenyekiti, naye akaja, asizime hata injini ya gari.

"Walipiga makofi, Gunvor," alisema. "Kama walikuwa na neno, wangelisema."

"Nani anashangilia kufukuzwa?" Sista aliuliza.

Luwam akaanza kulia. "Sikuwaambia, Sista. Aliwaita kina mama wachafu. Nilimwonea mama huruma."

Sista akamgeukia mwenyekiti. "Umesikia. Itisha mkutano upya, na ulete mkalimani mtu mzima."

"Uamuzi ni uamuzi," alisema, akaondoa gari. Mpaka leo ukumbi ule umejaa viti vibovu.

Wakaenda wote kwa Sista, kwenye vyumba vyake viwili. Waliokosa nafasi walikaa koridoni. Abrehet alikaanga kahawa kwenye roshani, vidole vikifa ganzi.

"Luwam, njoo usimame hapa unigeuzie," Sista alisema. "Mtoto huyu alikosa. Maneno aliyoyameza hayakuwa yake, yalikuwa yenu. Yangewauma, lakini mngeyajibu, na pengine leo tungekuwa ukumbini. Anayesema kwa niaba ya watu aseme yote, hata yanayochoma. Ila sisi wakubwa tulimtwika mtoto mzigo wetu kwa kuwa ilikuwa rahisi, na wa kwanza ni mimi. Kuanzia kesho haendi tena hospitali wala benki kutafsiri. Wenye ofisi watanikuta mlangoni kwao kila asubuhi mpaka walete mkalimani."

Luwam aligeuza yote, tangu pale "alikosa".

"Na yule bwana, alisema nini hasa siku ile?" Mzee Habtai aliuliza.

Abrehet alikuwa ameingia na kikaango chake. Luwam alimtazama mama yake usoni, akalisema neno lile kama lilivyotoka.

Abrehet aliweka kikaango chini polepole.

"Mwambie Sista kikombe cha bwana yule ninacho bado," alisema. "Siku atakayokaa akanywa, nitamjibu mwenyewe. Haya, mwanangu, geuza na hilo. Usipunguze."

Luwam akageuza, asipunguze.