Saa Kumi na Mbili Kamili

Sisi madereva wa malori tuna mwiko mmoja: usitaje saa ya kufika. Mke akiuliza, unajibu "nipo njiani", basi. Wakongwe wanasema barabara ina masikio.

Mimi nilikuwa nacheka. Zile kilomita mia nne na themanini nazijua kama kiganja changu. Wenzangu waliniita Ndege ya Chini. Ndiyo maana dada yangu aliponipigia simu asubuhi kusema kwamba mama amezidiwa, na kwamba tiketi ameshanikatia, dakika hamsini tu angani, nilimjibu kwa mbwembwe:

"Ndege ya nini? Mpaka wakupekue, mpaka wakukalishe... Mimi kwa usukani ni mwendo wa saa saba tu. Mwambie mama, saa kumi na mbili kamili jioni nipo mlangoni."

"Kaka, usichelewe. Anasema haondoki mpaka akuone."

"Kamili!"

Saa kumi na mbili kamili ilinikuta nimepiga magoti kando ya lori, nakaza nati. Gurudumu la pili kupasuka siku hiyo. Jua linazama. Nguzo ya barabarani inasema zimebaki kilomita mia moja na tisini. Hapiti mtu. Hata upepo... kimya.

Simu ikalia. Dada.

"Kaka, leo umenikomesha! Kamili kweli. Lakini ndiyo unapita bila hata salamu?"

"Nimepita wapi?"

Akacheka. Kisha sauti ikashuka. Akanong'ona:

"Chumbani. Umekaa na mama. Naona mgongo wako..."

Spana ikanidondoka.

"Mtoe! Dada, mtoe! Huyo si mimi!"

Nikasikia hatua. Nzito. Zinakuja kwenye simu. Halafu sauti. Yangu. Ile ile, na kikohozi changu cha sigara juu yake.

"Endesha polepole, ndugu yangu. Mama ameshaniona."

Ikakatika.

Nimeshashuka mlima bila breki mimi. Nimeshavuka daraja maji yakiwa juu yake. Lakini jioni ile nililia juu ya usukani kama mtoto aliyeachwa sokoni. Kwa ndege ni dakika ishirini. Mimi mbawa sina.

Nilipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Chumba kinanuka dizeli. Dada alisema miguu ilimfa ganzi palepale alipokuwa amesimama. Alimwona mama akimshika yule mkono, akitabasamu: "Umefika, mwanangu. Sasa nilale." Yule akatoka, eti anakwenda kuzima lori.

Hakurudi.

Tangu siku hiyo dada hanifungulii mpaka nitaje jina la mbwa tuliyemfuga utotoni. Tunalijua mimi, yeye na marehemu mama.

Juzi ulimi ukaniponyoka. Nilimwambia kwenye simu, "Saa sita mchana nipo kwako." Mazoea yana taabu. Nikafika saa nane. Nikabisha, nikataja jina la mbwa.

Mlango haukufunguliwa.

Kisha dada akanong'ona nyuma ya mlango:

"Lakini kaka... si umeshalitaja? Uko hapa mezani, unakula."

Nikasukuma mlango. Umefungwa kwa ndani.

Na huko ndani, mtu akakohoa. Kikohozi changu.