Minibasi Mpya Haiendi Garaji

Watu wa Kamina, sogeeni kidogo. Nyinyi wa karibu na stesheni, na nyinyi mnaotoka vijijini na mahindi kichwani, leo nina neno nanyi. Habari hii ni ya nyumba moja, nyumba ya Papa Urbain na mke wake Clotilde. Nikimaliza mtaniambia wenyewe kama ni ya kwao peke yao.

Ilianza siku ya Jumapili, na ilianza vizuri. Misa ilikuwa imekwisha. Mbele ya kanisa ilisimama minibasi nyeupe, imeshushwa kwenye gari moshi juzi tu kutoka Lubumbashi, viti vyake vimevikwa nailoni ya kiwandani. Ilikuwa ya zero, haijatumiwa na mtu, wala si okazyo kama yale magari yanayotufikia yakiwa yamekwisha kuchoshwa katika nchi za watu. Padri Ambroise aliinyunyizia maji ya baraka kuanzia taa za mbele hadi mlango wa nyuma, na akina mama wakapiga vigelegele. Clotilde alikuwa pembeni na kitenge chake kipya, machozi yakimlengalenga. Maisha yake yote mume wake alikuwa akiendesha magari ya wengine. Sasa walikuwa na la kwao, na nani asingefurahi?

Huyu Clotilde ni mtoto wa reli. Baba yake, marehemu Mzee Mwepu, alikuwa na kazi moja tu pale stesheni: treni ikisimama, anatembea kando yake na nyundo ya mpini mrefu, anagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima linaimba. Lenye ufa linatoa sauti kavu, halafu kimya. Clotilde alipokuwa mdogo alikuwa akimpelekea chakula, na siku moja alimwuliza kwa nini anagonga hata magurudumu mapya. Mzee alimjibu, "Mutoto yangu, gurudumu hatuiulize miaka yake. Tunaiulizaka imetoka wapi." Clotilde alicheka tu wakati ule, maana mtoto hucheka kila kitu.

Muuzaji wa kule Lubumbashi alimwambia Urbain neno moja: gari iangaliwe kila kilomita elfu kumi, mafuta ya mota yabadilishwe, breki zitazamwe, vumbi litolewe. Urbain alilishika neno hilo kama amri ya Mungu. Lakini jamani, aliyelisema alikuwa amesimama juu ya lami. Kilomita ya lami ni kitu kimoja, na kilomita ya kwenda Kabondo-Dianda ni kitu kingine kabisa. Kuna mchanga unaomeza gurudumu nusu, kuna matope yanayowashusha abiria wote wasukume, na kuna mizigo ya mahindi juu ya paa mpaka springi zinalalamika. Gari linaunguruma siku nzima kwa gia ya pili, na namba za kilomita zinasogea kidogo tu. Urbain akizitazama zile namba, aliona gari changa. Barabara hakuitazama.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ni letu sote. Karibu na stesheni kuna fundi anaitwa Seth. Mbele ya garaji yake tulikuwa tukiona kila juma basi kuukuu la Papa Nyembo limeinuliwa juu ya magogo, na Nyembo mwenyewe amelala chini yake, miguu tu ndiyo iko nje. Tulipita tukicheka. Basi lile tulilipa jina, tukaliita Mgonjwa wa Nyembo. "Papa Nyembo, mugonjwa ameamuka namna gani leo?" watu waliuliza. Naye kutoka kule chini alijibu "Eyo, vidye," kwa ile heshima ya Waluba, akaendelea kukaza bolti zake. Sisi tukaenda kupanda minibasi ya Urbain. Maana kwetu Kamina gari lililoonekana garaji limekwisha kuharibika, na mtu aliyeonekana hospitali amekwisha kuugua. Kwamba mtu anaweza kwenda akiwa mzima, hilo hatulijui.

Lydie, yule muuza samaki wakavu, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Minyi sipande mugonjwa," alikuwa akisema sokoni huku akipanga samaki wake. "Minyi napenda nailoni. Nikikaa pale, najisikia bibi ya gavana." Soko zima lilicheka. Urbain akisikia hivyo, kichwa kilimvimba.

Mvua zikaja, zikapita. Siku moja Clotilde alikuwa amekaa mbele, wanarudi na magunia, na kwenye mteremko alisikia kitu upande wa gurudumu la mbele. Kilikuwa kilio chembamba kinachokuja na kupotea. Jioni, wakila bukari na sombe, alilitoa neno la breki.

"Papa Chancelvie, freni ya mbele inalia."

Chancelvie ni jina la binti yao wa pekee, na kwetu mtu huitwa kwa mtoto wake.

"Inalia sababu iko mupya," Urbain alijibu. "Kintu mupya inaliaka mbele ya kuzoea."

"Mwanzo haikulia. Imeanza kulia kisha mvua. Tuipeleke kwa Seth, aangalie tu."

Urbain aliacha tonge hewani. "Kwa Seth? Pembeni ya mugonjwa ya Nyembo? Bantu bakiiona pale, kesho nani atapanda? Batasema ya Urbain nayo imekufa."

"Tuende alfajiri, mbele bantu baamuke."

"Mama Chancelvie, muuzaji alisema elfu kumi. Tuko karibu kufika. Ikifika, naipeleka Lubumbashi kwa benyewe. Hapa Kamina hakuna muntu atatia mukono mu gari yangu."

Clotilde alimwongezea sombe. Roho yake ilikataa, mdomo ukakubali. Msimlaumu haraka, wamama. Ni wangapi kati yenu mmenyamaza mezani ili chakula kiishe kwa amani?

Tangu siku ile Urbain akawa anafungua redio kwa sauti ya juu kila anapoondoa gari. Abiria walipenda, wakaimba pamoja nayo. Clotilde hakuimba. Alitazama mguu wa mume wake: unakanyaga breki, unaachia, unakanyaga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Kisha kile kilio chembamba kikaisha. Badala yake ulikuja mkwaruzo mzito, chuma juu ya chuma.

"Umesikia?" Urbain alimwambia, uso umechangamka. "Imeacha kulia. Nilikuambia itazoea."

Clotilde alikuwa ameijua sauti ile tangu utoto. Ilikuwa kavu, haikuwa na wimbo ndani yake. Usingizi ukaanza kumpaa. Alisali rozari, akamwomba Mungu alinde kile ambacho fundi angeweza kukiona kwa kufungua gurudumu moja tu. La kuvunda halina ubani, ndugu zangu.

Hapo ndipo habari ikaja kutoka Kabondo-Dianda, ambako Chancelvie ameolewa. Alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba, na muuguzi wa kule alisema mtoto azaliwe Kamina, hospitali, kwa usalama. Urbain hakutaka kusikia kingine. Angemfuata binti yake mwenyewe.

"Basi tumulete na basi ya Nyembo," Clotilde alisema. Alijikaza, akamtazama machoni. "Nakuomba. Freni ya hii gari inaniogopesha."

Urbain alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mutoto yangu wa pekee azalie mu mugonjwa ya Nyembo? Weye, sikia. Kilomita zimebaki kidogo sana, safari hii njo itazimaliza. Nikimufikisha, gari inapanda treni, inaenda Lubumbashi. Nakuapia."

"Basi na minyi naenda."

Wakaenda. Kwenda hakukuwa na neno, maana gari lilikuwa tupu. Lakini kurudi, mnatujua sisi. Urbain hakuweza kuwakataa watu waliomsimamisha njiani, na watu hawakuweza kuiacha nailoni. Magunia yakapanda juu ya paa, vikapu vya samaki vikaingia chini ya viti. Lydie alikuwemo pia, akitoka kununua samaki. Alikuwa ameshika kiti kizuri cha katikati. Alipomwona Chancelvie anapanda kwa kuhema, akainuka bila kuombwa.

"Mama wa mimba akae hapa katikati, pembeni ya mama yake," alisema. "Minyi nitakaa kule ku dirisha, nyuma ya Papa Urbain. Bibi ya gavana anapenda hewa." Hata Chancelvie alicheka. Lile basi la Nyembo waliliacha kituoni likipakia polepole, na mtu mmoja akalipungia mkono wa kejeli.

Kuna mteremko kabla ya daraja la mbao, wote tunaujua. Kabla hawajaufikia, harufu ya kuungua iliingia ndani.

"Mama, nini inanuka?" Chancelvie aliuliza.

Clotilde aliinama mbele na kumgusa Urbain bega. "Simama hapa, papa. Simama mbele ya mteremko. Tushuke kwa miguu."

"Bantu bote hawa bashuke? Batasema nini?" Urbain alijibu bila kugeuka. "Naenda polepole."

Wakaanza kushuka. Alikanyaga breki, na mguu ukaenda hadi chini bila kukuta kitu. Akakanyaga tena, hakuna. Akavuta breki ya mkono, akapigana na gia, ikakoroma na kukataa. Kule chini darajani kulikuwa na watu, wanaume wanasukuma baisikeli zenye magunia ya makaa, na mama mmoja na mtoto mgongoni. Redio bado inaimba. Clotilde alimkumbatia binti yake kwa mikono yote miwili akafumba macho.

Urbain aliwaepuka wale watu, hilo tumpe haki yake. Alikata usukani, gari likaacha njia, likapiga kichuguu kikubwa na kulala kwa upande wa kushoto. Huo ndio upande wa dereva, na ndio upande wa lile dirisha.

Vumbi lilipotulia watu walianza kutoka mmoja mmoja kwa mlango ulioangalia mbinguni. Mguu wa Urbain ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Chancelvie alikuwa mzima, lakini uchungu ulikuwa umemwanza. Walimwita Lydie. Walimwita tena. Samaki wake walikuwa wamemwagika juu ya ile nailoni, naye hakuitika.

Ni Mgonjwa wa Nyembo aliyekuja. Alishuka mteremko ule ule, mzigo kamili, akasimama pale pale alipotaka kusimama. Nyembo hakusema neno la kumsimanga mtu. Aliwashusha watu na magunia, akampandisha Chancelvie, akampandisha Urbain akiwa anaugulia, na nyuma kabisa wakamlaza Lydie wakamfunika kitenge cha Clotilde. Kabla ya kufika mjini mtoto akazaliwa humo ndani, mikononi mwa bibi yake. Alilia kwa nguvu, na mama yake ni mzima. Urbain alisikia kile kilio akiwa amelala chini, mita chache kutoka kwa maiti, akafunika uso wake.

Kwenye kilio cha Lydie tulikuwa wengi. Urbain alikuja kutoka hospitali, mguu umekatwa, amebebwa kwenye kiti. Mama wa marehemu, bibi mmoja mwembamba, alisimama mbele yake. Hakupiga kelele.

"Papa Urbain, ile gari ilikuwa mupya," alisema. "Bote banasema ilikuwa mupya. Sasa nini njo imeniulia mutoto?"

Urbain aliinamisha kichwa. Na sisi tuliokuwa tumesimama pale, sisi tuliocheka, kila mmoja aliangalia ardhi.

Ukafika wakati wa kwenda makaburini. Basi la kutupeleka lilikuwa la Nyembo. Tulitaka kupanda, akatuambia tungoje. Akavua koti lake jeusi, akalala chini kwenye vumbi akiwa na suruali yake ya msiba, akaingia chini ya gari. Clotilde alitoka katikati ya wanawake, akapiga magoti karibu na gurudumu, akamshikia funguo za bolti. Tulingoja juani na jeneza mabegani. Hakuna aliyecheka.

FUNZO

Ile methali ya ufa na ukuta tunaijua wote, tunaiimba. Lakini nyumba hii haikuvunjwa na kutojua. Urbain aliogopa macho yetu kuliko alivyoogopa ule mteremko, na macho hayo tulimpa sisi. Kwa hiyo sikilizeni.

Gari usiliulize umri wake, liulize limepita wapi. Aliyetaja kilomita elfu kumi hakuijua njia yetu. Kwa mchanga, matope na mizigo ya hapa, gari likaguliwe mapema, kabla ya namba hizo na kabla halijalia, na lionekane linakaguliwa mchana kweupe. Vivyo hivyo mwili wako, na mimba ya binti yako. Anayetunza kitu kizima hajakitabiria mabaya. Wewe mke, roho ikikataa, mdomo nao ukatae. Nawe abiria, ukimwona mtu amelala chini ya gari lake, usimcheke. Panda gari lake.

Ile minibasi bado iko pale kwenye kichuguu, hakuna aliyekwenda kuichukua. Nilipita juzi nikachungulia ndani. Nailoni bado imefunika viti, haijachanika hata kidogo.