Kipimaimani na Watani Wawili

Sarafu ya nchi ilipojikwaa, Kipimaimani kiliisikia kabla waziri wa fedha wa nchi hiyo hajamaliza kupiga mswaki.

Mtambo huo mtukufu uliketi katika jumba la vioo mjini Kigoma, ukiilinda Hazina ya Ujirani, fungu la pamoja la nchi saba za Maziwa. Nchi moja ikiyumba, zile sita huishika mkono. Ila kwanza Kipimaimani kilisikiliza wajumbe wakizungumza. Kikiridhika kwamba majirani wanaaminiana, kufuli hufunguka.

Siku hiyo iliyoyumba ilikuwa nchi ya mjumbe Faida Kasongo, ng'ambo ya ziwa. Mafuriko yalileta kipindupindu. Meli ya dawa ilikuwa imetia nanga bandarini kwao, na nahodha alikataa katakata sarafu inayoporomoka. Asipolipwa kwa fedha ya Hazina kufikia magharibi, angegeuza.

Faida akaingia mbio. Mhandisi Mihayo, aliyeuunda mtambo na siku hiyo kuwasemea majirani, alimpokea inavyostahili, maana koo zao zilikuwa watani tangu enzi za misafara.

"Umekuja kuomba, mla panya?"

"Nimekuja kukununua! Kwa debe la mawese, na chenji nirudishiwe."

"Mimi nitakutafuna mzimamzima, nishushie na ziwa lenu."

Taa zikawa nyekundu. "Biashara ya binadamu," kikatamka Kipimaimani kwa huzuni. "Nia ya kumla mjumbe. Hazina imefungwa."

Mihayo akaugeukia mtambo. "Fungua! Huo ni utani."

"Fafanua utani."

"Ni kutukanana... kwa upendo."

"Usiyemtukana unamchukia?"

"Hapana. Huyo namheshimu."

"Basi huyu humheshimu."

"Namheshimu mno! Ndiyo maana namtukana." Mihayo akayasikia maneno yake mwenyewe, akakuna kichwa. Alikuwa na shahada tatu, na hakuna hata moja iliyojitokeza kumsaidia.

"Mihayo," Faida akasema taratibu, "watoto wanasubiri dawa. Hebu tuongee kinavyotaka."

"Na kikishatusikia tukiwa na adabu, kitatutaka tubaki hivyo siku zote. Tukiteleza tena kitafunga. Popote, Faida. Kina masikio nchi zote saba."

"Najua." Akajinyoosha. "Mheshimiwa Mhandisi, nchi yangu inaomba msaada wa majirani."

Mihayo akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Mjumbe, majirani wako pamoja nawe."

Kufuli likafunguka. Ng'ambo ya pili makasha ya dawa yakaanza kushuka, na sarafu ikasimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu.

Faida akakusanya mkoba wake. Mlangoni akasita.

"Arobaini ya mama ni Jumapili. Nyumba nzima inalia tu. Nilisema, ngoja aje mtani, ataivuruga shughuli mpaka tucheke."

Mihayo akafungua kinywa. Alikuwa na maneno mabaya sana tayari, yale yanayomnyanyua mfiwa. Akakitazama Kipimaimani. Kikamtazama.

"Nitahudhuria, Mheshimiwa," akasema.

"Tutashukuru, Mheshimiwa."

Akatoka, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa ukumbi. Kipimaimani kikatangaza kwa shangwe kuwa imani baina ya nchi hizo mbili haijawahi kuwa juu kiasi hicho. Mihayo akaisoma namba ile mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitafuta alipokosea kuunda.

Hakupaona. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa.