Neno la Siri la Seremala

Kila Ijumaa mchana Seremala alikung'uta unga wa mbao nyweleni, akavaa shati lililopigwa pasi. "Naenda duka la kompyuta kusoma barua pepe," alimwambia mkewe.

Mama Mapacha alibaki kwenye cherehani, roho ikimuuma. Barua gani hiyo ya kuvaliwa shati safi? Duka la kompyuta lilikuwa la Mchapaji, mwanamke mcheshi asiye na mume. Ijumaa moja wivu ulimzidi. Akaacha gauni la mteja halina mkono, akamfuata.

Aliwakuta wameinamia kompyuta moja.

"Karibu, wifi," Mchapaji alisema.

"Usiniite wifi. Mume wangu anafuata nini hapa?"

"Barua zake. Nilimfungulia akaunti kwa namba yangu ya simu, maana yeye simu yake ilikuwa imeharibika. Neno la siri liko kwenye daftari langu. Ameshanunua simu mpya, namwambia ahamishie huko, hasikii."

"Kwa hiyo siri za mume wangu unazo wewe, mimi sina?"

"Hapo tulikosea, wifi. Na leo kosa limemponza."

Seremala aliwaonyesha barua kwenye kioo cha kompyuta. Shule ilikuwa imemwandikia Jumatatu, ikitaka aitengenezee madawati. Jibu lilitakiwa kabla ya Alhamisi, naye ndiyo kwanza anaisoma leo Ijumaa.

Mama Mapacha alihisi hasira na huruma kwa pamoja. "Basi hilo neno nipe mimi."

"Hata wewe hapana," Mchapaji alisema. "Atunge jipya, alijue peke yake. Liwe refu. Lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa."

Seremala alitunga, midomo ikichezacheza. Akaweka namba yake mwenyewe, akafungua barua pepe kwenye simu yake. Mchapaji akamwonyesha namna ya kuitoa akaunti kwenye kompyuta ya duka, asije mteja mwingine akaikuta wazi. Kisha akachana ule ukurasa wa daftari.

"Na mimi nifungulie yangu," Mama Mapacha alisema. "Kwenye simu yangu."

Kazi ya madawati ilishachukuliwa na fundi mwingine. Lakini mwezi uliofuata shule iliandika tena, ikitaka makabati. Seremala alijibu papo hapo, randa bado mkononi, akapata kazi.

Siku moja Mama Mapacha alimwona mumewe anaitazama simu, anacheka peke yake. Wivu ukampanda tena. Aliinuka, akafika nusu ya ua, ndipo akakumbuka kuwa barua aliyokuwa akiisoma mumewe, yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika.